Jinsi ya Kuchagua Mtaa wa Kutazama Machweo ya Manhattan

Tarehe za Manhattanhenge, yaani zile jioni ambazo jua huzama katikati kabisa ya mitaa ya Manhattan jijini New York, hutangazwa kila mwaka na hazihami sana: huangukia mwishoni mwa Mei, kisha kati ya tarehe 11 na 13 Julai. Jambo linalohitaji kufikiriwa zaidi ni mtaa wa kusimama, kwani nimewaona watu waliofika siku yenyewe wakaondoka bila kuona kitu kwa sababu mbele yao mtaa ulipanda mwinuko.

Mitaa hiyo ilipangwa mwaka 1811 kwa kufuata umbo la kisiwa, hivyo imepinda nyuzi 29 hivi kutoka mstari halisi wa mashariki na magharibi. Jua huchwea upande huo wiki tatu hivi kabla na baada ya tarehe 21 Juni. Lakini halishuki wima. Hushuka kwa mshazari likielekea kulia, na kwa hiyo upeo ulioinuka hata kidogo hulimeza likiwa bado upande wa kushoto wa mtaa. Mshazari huohuo ndio unaotupa jioni mbili mfululizo, moja ya duara zima linalogusa upeo na nyingine ya nusu duara. Mwezi Mei nusu hutangulia, na Julai huja baadaye. Ninapendelea duara zima, kwa sababu mwanga hupita sambamba na mtaa, ukawasha vioo vya madirisha ya pande zote mbili kwa pamoja, na hata paa za teksi zikang'aa kama shaba.

Chagua Mtaa wa 14, 23, 34, 42 au 57, ambayo ni mipana, kisha usogee mashariki kadiri uwezavyo mradi bado unaiona New Jersey ng'ambo ya Mto Hudson. Mitaa ya 34 na 42 ina majengo ya Empire State na Chrysler, nayo hufurika watu. Mwenye watoto atastarehe zaidi Mtaa wa 23. Jua huzama kama saa 2 na robo usiku kwa saa za huko, basi fika saa nzima kabla.

Ninachosisitiza kuliko yote ni usalama. Dereva anayekuja nyuma yako akielekea magharibi anapigwa machoni na jua hilohilo unalolipiga picha, kwa hiyo ingia kivukoni pale tu taa inapowaruhusu waenda kwa miguu, na urudi pembeni kabla haijabadilika. Tumia kioo cha nyuma cha kamera, kamwe usiweke jicho kwenye kitundu chake, hasa ukiwa na lenzi ndefu. Magharibi kukiwa na mawingu mazito, rudi kesho yake. Jua litakuwa limesogea kidogo tu, na mtaa mpana bado utalipokea.