Mwanangu haishi mafua, kinga yake imepungua?

SWALI: Shikamoo daktari. Mwanangu ana miaka 3. Tangu aanze chekechea, miezi mitano sasa, kila mwezi ana mafua. Nimempa antibiotiki mara tatu. Kamasi inakauka, wiki mbili hazipiti inarudi. Mama mkwe anasema mtoto hana kinga. Silali kwa mawazo. – Mama mwenye hofu

JIBU: Marahaba, mama. Katika barua yako neno lililonipa faraja ni "inakauka". Hilo ndilo ninalomuuliza kila mzazi kwanza. Pua ikikauka, mtoto akala na kucheza, kisha ikaanza upya, hayo ni mafua mengine, siyo yale yale yaliyogoma kupona. Virusi vinavyoleta mafua vinazidi 200, na kinga ya kimoja haimlindi na kingine. Mtoto wa umri huo huugua mara 6 hadi 8 kwa mwaka, na aliyeanza chekechea anaweza kufika 12. Kinga ya mwanao ipo, ndiyo kwanza inajifunza.

Antibiotiki, nakusihi, ziache. Haziui virusi. Kamasi kugeuka kijani ni hatua ya kawaida, na yale mafua yangekwisha yenyewe kwa siku 7 hadi 10, ingawa kikohozi huweza kusalia wiki mbili au tatu. Msafishe pua kwa matone ya maji ya chumvi ya duka la dawa, na mnyweshe maji ya kunywa mara kwa mara. Kikohozi cha usiku kikimsumbua, mpe kijiko kidogo cha asali (aliye chini ya mwaka mmoja asipewe kamwe). Na asivute mtu sigara ndani ya nyumba yenu, hapo silegezi.

Pua isiyokauka kabisa ndiyo hunitia shaka. Niliwahi kuletewa mtoto aliyetoka kamasi inayonuka miezi miwili, tundu moja tu. Dawa alishakunywa chupa kwa chupa. Nilipomulika tochi, kumbe kipande cha sponji ya godoro! Mwanao akijikuna pua na macho bila homa, huenda ni mzio. Akikoroma kila usiku, mdomo wazi, tezi za nyuma ya pua zichunguzwe.

Mpeleke hospitali bila kungoja akivuta pumzi 40 au zaidi kwa dakika akiwa ametulia, au mbavu zikibonyea. Sikio likiuma, homa ikipita siku tatu, au uzito ukishuka, aonwe pia. Nimonia ikimrudia mara kwa mara, hapo ndipo tutazungumza habari ya kinga.

Kuanzia leo weka alama kwenye kalenda siku pua inapoanza na siku inapokauka, uende nayo kwa daktari wake.