Msinunue programu ya uendelevu kabla ya kupanga takwimu

Msomaji aliye idara ya fedha ya kampuni mama moja ameuliza wanunue programu gani ya kukusanya takwimu za uendelevu kutoka kampuni tanzu. Haraka yao naielewa: Kenya, kampuni zenye maslahi ya umma, kama benki na zilizo kwenye soko la hisa, zinatakiwa kuripoti kwa IFRS S1 na S2, viwango vya kimataifa vya taarifa za uendelevu na tabianchi, kuanzia 2027. Hata hivyo, msinunue kitu bado. Takwimu mbovu programu itazijumlisha vilevile, na mkaguzi atazirudisha.

Anzeni na orodha ya kampuni, ile ile anayotumia mhasibu wa hesabu jumuishi. Kisha chagueni kigezo kimoja cha mpaka, yaani cha kuamua hewa chafu ipi ihesabiwe kuwa yenu, kati ya vitatu vya GHG Protocol, mwongozo wa kimataifa wa kuhesabu hewa hizo: sehemu ya hisa, udhibiti wa kifedha, au udhibiti wa uendeshaji. Chukulia kiwanda kinachotoa tani 50,000 za hewa ukaa, mna asilimia 40 ya hisa na nyinyi ndio mnaokiendesha. Kwa kigezo cha hisa mtaandika tani 20,000. Kwa uendeshaji, zote 50,000. Tanzu mbili zikitumia vigezo tofauti, jumla yenu haina maana. Vilevile IFRS S2 inataka skopu 1 (hewa chafu inayotoka kwenye mitambo na magari yenu wenyewe) na skopu 2 (ya kuzalisha umeme mnaonunua) za kundi zitenganishwe na za kampuni mlizowekeza bila kuzijumuisha, kwa hiyo wekeni safu hiyo mapema kwenye fomu mtakayowapa tanzu wajaze.

Kutoka kwa tanzu ombeni lita, kilo na uniti za umeme. Tani za hewa ukaa zipigiwe hesabu makao makuu, kwa vizidishi vilivyokubaliwa (kilo za hewa ukaa kwa kila lita au uniti), umeme wa kila nchi na kizidishi chake. Risiti ya LUKU au tokeni ina pesa na uniti. Chukueni uniti, maana bei hubadilika.

Dizeli ya jenereta ndiyo inayopotosha zaidi. Karani hujumlisha ankara: lita 10,000. Lakini tangi lilianza mwaka na lita 4,000 likamaliza na 2,500, kwa hiyo zilizochomwa ni 11,500. Kwa kilo 2.68 za hewa ukaa kwa lita, hizo ni tani 30.8, wala si 26.8. Ombeni kipimo cha tangi cha siku ya kwanza na ya mwisho, kimesainiwa.

Gesi ya viyoyozi husahaulika kabisa, na haifai kusahaulika: kilo 10 tu za R-410A zikivuja ni sawa na tani 20 hivi za hewa ukaa. Fundi anayejaza gesi aandike aina na kilo kwenye hati ya kazi.

Nafasi tupu isihesabiwe sifuri. Tanzu iandike "0" au "hatuna takwimu", na fomu ikatae kupokelewa ikiwa na pengo.

Mwisho, ondoeni yanayojirudia ndani ya kundi. Malori ya tanzu ya usafirishaji yakibeba saruji ya tanzu nyingine, moshi ule ni skopu 1 ya wenye malori na skopu 3 (hewa chafu ya wengine kwenye mnyororo wa biashara) ya wenye saruji. Kwenye ripoti ya kundi ubaki skopu 1 peke yake. Kila tanzu itaje jina la kampuni dada iliyoihudumia, la sivyo makao makuu hayataweza kujua kipi cha kuondoa.