Maswali na Majibu: Unabii huo aliambiwa nani kwanza?

Maswali ya juma hili karibu yote yanahusu unabii na kutimia kwake. Yaliyofanana nimeyaunganisha. Uwe na Biblia karibu unaposoma.

Vita vinavyoendelea sasa ndivyo vya Gogu na Magogu? Mwisho ni lini? (Wasomaji wengi)

Siku ile hakuna aijuaye. Mathayo 24:36 inasema hivyo waziwazi, na swali hili nimelijibu mpaka nimechoka. Wafuasi wa William Miller huko Marekani walimngoja Yesu tarehe 22 Oktoba 1844, wengine wakaacha mazao shambani. Harold Camping alitangaza 21 Mei 2011, ilipopita akasogeza mbele hadi 21 Oktoba. Hao waliishia kwenye machozi na aibu. Kwetu huku watu wamekufa. Kanungu, Uganda, mamia waliteketea kanisani tarehe 17 Machi 2000, baada ya mwisho walioahidiwa kupita kimya. Shakahola, kaunti ya Kilifi, mwaka 2023 ilianza kufukuliwa miili ambayo hatimaye ilizidi 400, na watoto wamo, wengi wakiwa wamefungishwa kula hadi kufa ili wakamlaki Yesu. Mhubiri akianza kutaja tarehe, chukua wanao mtoke siku hiyohiyo.

Rafiki yangu chuoni anasema Isaya 7:14 ni habari za mfalme Ahazi, haimhusu Yesu. Nimjibuje? (Msomaji, Dodoma)

Mwambie hapo kwa Ahazi yuko sahihi, kisha umwombe asiishie hapo.

Soma sura nzima. Ni miaka ya 730 na kitu kabla ya Kristo. Resini wa Shamu na Peka wa Israeli wameungana kuivamia Yuda, wamng'oe Ahazi na kumtawaza mtu wao. Mfalme anatetemeka. Isaya anampa ishara, kwamba bikira atachukua mimba na kumzaa mtoto aitwaye Imanueli, na mstari wa 16 unaongeza kwamba kabla mtoto huyo hajajua kukataa mabaya na kuchagua mema, nchi za wafalme hao wawili zitakuwa zimeachwa ukiwa. Ishara ya miaka mia saba baadaye isingemsaidia kitu mtu aliyezingirwa. Na kweli, Waashuri waliiteka Dameski, mji mkuu wa Shamu, mwaka 732, na Samaria, mji mkuu wa Israeli, ikafuata miaka kumi baadaye.

Neno la Kiebrania pale ni *alma*, msichana aliyefikia umri wa kuolewa. Wayahudi waliotafsiri kitabu hicho kwa Kigiriki, kabla Yesu hajazaliwa, waliweka *parthenos*, bikira, na hilo ndilo neno alilonukuu Mathayo. Kwa hiyo anayedai Wakristo walilichomeka amekosea.

Sasa njoo kwenye kutimia. Kitenzi anachotumia Mathayo maana yake ni kujaza. Mtungi wenye maji nusu ukijazwa hadi ukingoni unabaki kuwa mtungi uleule. Imanueli, "Mungu pamoja nasi", lilikuwa neno la kweli kwa Yuda iliyozingirwa. Mathayo anasema limejaa kwa mwana wa Mariamu. Ndivyo anavyofanya na Hosea 11:1 pia. Pale nabii anakumbuka Israeli walivyotoka Misri, wala hatabiri lolote. Mathayo anamwona Yesu akipita njia ileile ya taifa lake, anasema limetimia.

Wahubiri wanaomficha Ahazi wanawaumiza vijana wetu. Kijana anakutana naye kwenye video ya dakika mbili, na imani yote inayumba.

Isaya 53, ile ya mtumishi anayeteswa, haikuandikwa baada ya Yesu ili ifanane naye? (Msomaji, Kisumu)

Hapana. Gombo la Isaya lililopatikana Qumran, kando ya Bahari ya Chumvi, mwaka 1947 liliandikwa zaidi ya miaka mia moja kabla ya Kristo, na sura ya 53 imo.

"Ataitwa Mnazorayo" (Mathayo 2:23) iko kitabu gani cha Agano la Kale?

Hakuna mstari wenye maneno hayo. Mathayo anasema "manabii", kwa wingi, na wengi husikia humo *netser*, lile chipukizi la Isaya 11:1.

Yona alisema Ninawi utaangamizwa baada ya siku arobaini, haukuangamizwa. Alikuwa nabii wa uongo?

La. Yeremia 18:7-10 inaeleza: Mungu akitamka hukumu na watu wakatubu, huighairi. Nalijibu hili kwa tahadhari, maana najua linakotumika siku hizi. Utabiri kwamba utapata gari ukishindwa, Yona ndiye anayetolewa kama udhuru. Ninawi walitubu dhuluma zao. Hakuna aliyewadai sadaka ya mbegu, ile ya kutoa pesa ukitarajia kuvuna baraka.

Nabii wetu aliniambia ndani ya miezi sita nitapata kazi nje ya nchi. Nikatoa mbegu. Miaka miwili imepita, anasema imani yangu ilipungua na anataka mbegu nyingine. Nilichobaki nacho ni ada ya mtoto. (Dada, Mwanza)

Dada yangu, Kumbukumbu la Torati 18:22 inampima aliyesema. Neno lisipotokea, amelinena kwa kujikinai. Imani yako haimo kwenye kipimo hicho.

Yeremia 28 ina mtu kama huyo. Hanania alisimama hekaluni, "Bwana asema hivi", akaahidi kwamba vyombo na mateka vitarudi kutoka Babeli ndani ya miaka miwili. Akaivunja nira ya mti shingoni mwa Yeremia mbele ya watu. Miezi miwili baadaye Hanania alikuwa amekufa, na mateka wako palepale.

Kuna mama alinionyesha daftari la shule alimoandika tarehe alizopewa za ndoa ya binti yake. Zilikuwa kumi na moja, tisa zimekatwa kwa kalamu nyekundu. Kwenye jalada aliandika Yeremia 29:11, "mawazo ya amani wala si ya mabaya", ule uliojaa kwenye kalenda na fulana. Mstari huo alikuwa nao kichwani. Barua yenyewe, waliyoandikiwa mateka, hakuwahi kuisoma. Tukaianza mstari wa kwanza: jengeni nyumba, pandeni bustani, ozeni watoto wenu. Tulipofika wa kumi, unaotaja mateka watakaa Babeli muda gani, aliweka kidole kwenye ukurasa. "Miaka sabini?" akauliza. Akaurudia mstari huo mara mbili.

Hela ya ada ipeleke shule kesho asubuhi.