Ile sodiamu siliketi ya sabuni iliniharibia tanuri

Jana usiku mama mmoja mfinyanzi wa Githurai amenitumia meseji: "Fundi, blanketi ya tanuri imekuwa kama mandazi ya juzi, nikiigusa tu inamong'onyoka, na ile rangi nyeupe inabanduka nayo." Nikaskia uchungu. Hilo kosa nalijua, nililifanya hapa Kariobangi nikiwa najiona mjanja.

Blanketi yangu ya seramiki, yaani zile nyuzi zinazofunika tanuri kwa ndani zishike joto, ilikuwa ya gredi ya 1260 (digrii za Selsiasi), nami nikachoma 1250 kila wiki nikidhani namba ni ruhusa. Si ruhusa jamani, hiyo ni ya kupima muda mfupi, kazi ya kila siku toa digrii 100 ama zaidi. Halafu nikataka kuokoa hela, nikaenda Industrial Area nikanunua sodiamu siliketi, ile ya watu wa sabuni, nikachanganya na alumina, ule unga mweupe unaovumilia moto, nikapaka blanketi koti mbili nene. Ikakauka ngumu kama sufuria! Nikaweka picha kwa status.

Miezi naruka. Siku ya kubomoa, jamaa yangu wa maabara akaweka kipande kwa maikroskopu. Uzi mpya wa blanketi ni glasi tupu, laini, ndani hamna fuwele. Ukifika karibu 980, fuwele ndogo za mulaiti (madini ya alumina na silika) zinaanza, na kadiri moto unavyopanda na kukaa ndivyo zinavyokua, na silika inayobaki inageuka kristobalaiti, yaani silika iliyogeuka fuwele, uzi unasinyaa unakuwa wa kukatika. Huo ni uzee wa kawaida. Sasa yangu, upande wa nje usiopata moto mkali nyuzi zilikuwa bado ziko sawa, lakini chini ya rangi zilishikana kama chapati mbichi, kwa sababu sodiamu inayeyusha glasi na kuharakisha fuwele. Yaani kile nilichopaka kuilinda ndicho kilichoiua.

Kwa hivyo nyinyi mnaojenga, tumieni silika ya koloidi, ile silika laini sana iliyo ndani ya maji, pakeni nyembamba, ikauke kabisa, moto wa kwanza uwe wa polepole. Na sodiamu siliketi muwachie wa sabuni. Nimesema muwachie wa sabuni.

Kitu bado kinaniuma ni vumbi. Niliifagia ikiwa kavu, bila maski, kijana wangu akinishikia gunia, na kristobalaiti ni ile silika inayoleta saratani ya mapafu. Siku hizi nalowesha kwanza, navaa maski ya N95, na hakuna mtu anasimama karibu.

Mama wa Githurai, usiiguse tena mpaka nije Jumamosi, na watoto wacheze mbali na hilo tanuri.