Mazoezi nilikuwa nayo, usingizi na chakula sikuwa navyo

Kilimanjaro Marathon yangu ya kwanza iliishia kwenye mlima wa Mweka. Nilijiandikisha mbio za nusu, kilomita 21.1, na njia yake ukishauacha mji wa Moshi inapanda, inapanda, halafu inapanda tena. Kufika kilomita ya nane miguu ilikuwa mizito kama imejazwa mchanga, moyo unadunda hadi masikioni, pumzi navuta lakini naona haifiki. Nikaanza kutembea. Kina mama wenye umri wa mama yangu wakanipita wakiimba. Kutembea kwenyewe hakukuniuma sana. Kilichoniuma ni kwamba nilikuwa nimejiandaa miezi minne mizima bila kukosa hata siku moja ya mazoezi.

Naishi Kimara, Dar es Salaam, nauza vitambaa Kariakoo. Klabu yetu ya jogging hukutana saa kumi na nusu alfajiri ili watu wawahi kurudi, kuoga na kupanda mabasi ya mwendokasi kabla vituo havijafurika. Jioni nilikuwa nafika nyumbani saa mbili, napika, nakagua madaftari ya watoto, napiga hesabu za mauzo, kisha nachukua simu nipumzishe akili. Nikiwahi sana kulala ni saa tano na nusu. Siku nyingi saa sita ilikuwa imeshapita. Kwa hiyo nilikuwa napata masaa manne ya usingizi, siku sita kwa wiki, na juu yake kilomita nane za kukimbia. Na watu walikuwa wananisifu kwa kujituma.

Upande wa chakula, asubuhi nilikunywa chai ya rangi na maandazi mawili nikiwa nimesimama. Mchana wali maharage kwa mama ntilie, na chai. Saa kumi jioni usingizi ukinielemea, chai nyingine. Usiku nikishindwa kupika, chipsi mayai. Niliamini nakula vizuri kwa sababu nilikuwa nashiba.

Baada ya Moshi nilirudi Dar na uchovu ambao haukuisha hata baada ya wiki mbili. Nikaenda kituo cha afya, nikapimwa damu. Nesi aliyenipokea ni mama mtu mzima, akanitazama ndani ya kope na kwenye viganja, akaanza kuuliza.

"Unalala saa ngapi, mwanangu?"

"Saa sita, mama."

"Na kuamka?"

"Saa kumi na robo."

"Chai unakunywa wakati gani?"

Hilo la tatu sikulitegemea. Majibu yalipotoka, damu yangu ilikuwa gramu 9.6 kwa desilita. Kwa mwanamke asiye mjamzito, chini ya 12 ni upungufu wa damu. Utafiti wa kitaifa wa afya uliofanyika nchini mwaka 2015-16 ulikuta wanawake 45 kati ya kila 100 wenye umri wa miaka 15 hadi 49 wana tatizo hili hili. Tukiwa wanawake kumi kwenye mstari wa jogging, wanne au watano wetu huenda tunakimbia na damu isiyotosha kubeba hewa mwilini, halafu tunajiita wavivu.

Nesi akanieleza habari ya chai. Madini ya chuma yaliyomo kwenye maharage, mchicha au kisamvu ni ya aina ambayo mwili huipokea kwa shida, tofauti na yale ya nyama na samaki. Ukishushia chakula hicho na chai, vitu vinavyoipa chai ule ukakasi wake huyashika madini hayo tumboni, na sehemu kubwa hupita bila kufyonzwa. Kahawa nayo hufanya hivyo. Vitamini C hufanya kinyume chake: chungwa, embe, pera, limao lililokamuliwa juu ya mboga, au juisi ya ubuyu, husaidia chuma kiingie. Mimi nilikuwa nakula maharage kila siku ya Mungu na kuyaharibu kwa mkono wangu. Wenzangu walikuwa wameshanishauri juisi ya rozela, nikainywa mwezi mzima, lakini chai ya mchana sikuiacha, na uchovu ukabaki pale pale.

Nilipewa vidonge vya madini ya chuma, nikavimeza miezi mitatu. Choo huwa cheusi, usiogope. Ila nakuomba sana: usikimbilie kununua vidonge hivyo kabla hujapimwa. Damu hupungua kwa sababu nyingi, minyoo, malaria, hedhi nzito, selimundu, na chuma kikizidi mwilini nacho hudhuru.

Basi hilo la damu lilitibika. Lakini yule mama hakuniachia hapo. Aliniambia vidonge vitanirudishia damu, ila masaa manne ya kulala yatanirudisha kwake. Hapa ndipo nataka kukaa kidogo, kwa sababu usingizi ndio tunaoudharau kuliko vyote.

Ukikimbia au ukinyanyua vyuma, misuli inachanika kidogo kidogo na akiba yake ya nguvu inapungua. Wakati huo hujawa imara bado, umechoka tu. Uimara unakuja baadaye, mwili unapotengeneza kilichochanika, na kazi hiyo kubwa hufanyika usiku. Homoni ya ukuaji, ambayo kwa mtu mzima ndiyo mojawapo ya mafundi wa ukarabati huo, humwagika kwa wingi kwenye usingizi mzito wa sehemu ya kwanza ya usiku. Mtu mzima anahitaji angalau masaa saba. Mimi kila alfajiri nilikuwa navunja upya ukuta ambao fundi hajamaliza kuuziba.

Utaniambia umeshazoea kulala kidogo. Nami nilisema hivyo hivyo. Watafiti wa Marekani waliwachukua watu wazima wenye afya, wakawapa masaa sita tu kitandani kwa siku 14 mfululizo. Mwishoni, katika vipimo vya umakini, walikuwa wamezorota kama mtu aliyekesha usiku kucha, na waliopewa masaa manne walizorota zaidi. Wenyewe walijiona wana usingizi kidogo tu. Hicho ndicho tunachokiita kuzoea.

Kwa wanaojiunga na jogging ili wapungue, kuna utafiti mwingine wa mwaka 2010 ninaowasimulia kila mara. Watu kumi wenye uzito mkubwa walikula mlo ule ule wa kupunguza mwili kwa wiki mbili, mara moja na nafasi ya kulala masaa nane na nusu, mara nyingine masaa matano na nusu. Kilo walizopoteza zilikaribiana, kama tatu hivi. Lakini walipolala kidogo, mafuta yaliyotoka yalipungua kwa asilimia 55, na sehemu kubwa ya kilichotoka haikuwa mafuta bali misuli na tishu nyingine za mwili. Fikiria: unajinyima, mzani unashuka, unashangilia, kumbe kitambi kimebaki na nguvu ndizo zilizoondoka. Tena usingizi ukipungua, homoni inayoleta njaa hupanda na ile inayoleta kushiba hushuka. Ile hamu ya chipsi saa nne usiku niliyokuwa nailaumu kama udhaifu wa moyo, kwa sehemu kubwa ilikuwa mwili uliokesha.

Eliud Kipchoge, aliyekimbia marathoni ya Berlin mwaka 2022 kwa 2:01:09, ameeleza mara nyingi maisha yake ya kambini Kaptagat: usiku wanalala mapema, kama saa tatu, na mchana kati ya mazoezi mawili analala tena. Nilipolisoma hilo nilimkumbuka bibi yangu wa Pangani, ambaye baada ya chakula cha mchana alitandika mkeka na kujinyoosha, na hakuna aliyethubutu kumwita. Siku hizi mimi hujilaza dakika 20 juu ya marobota ya vitenge, mwenzangu akiangalia meza. Nikiamka hiyo chai ya saa kumi siitamani. Ila usijilaze jioni, utauibia usiku. Na ukumbuke kwamba kafeini hukaa mwilini muda mrefu; masaa matano baada ya kikombe, karibu nusu yake bado ipo.

Kulala mapema mjini si jambo la kuamua tu ukalipata. Nyumba yetu ilipakana na baa inayopiga muziki hadi saa saba. Tulihamisha kitanda chumba cha nyuma, kidogo na kibaya, lakini kimya. Mwezi wa kwanza na wa pili joto la Dar linakaba, kwa hiyo naoga maji ya baridi kabla ya kulala na feni naielekeza kwenye chandarua. Hesabu za duka namalizia dukani. Simu inachajiwa sebuleni, na saa ya kuniamsha nilinunua ya mezani, ile ya betri. Baba watoto anapika Jumanne na Alhamisi. Hili la mwisho ndilo lililonipa masaa mengi kuliko yote, na dada zangu wenye waume naomba mlifikirie, kwa sababu usingizi wetu mara nyingi unaliwa jikoni.

Siku za kukimbia nilizipunguza kutoka sita hadi nne. Niliogopa nitarudi nyuma, na kiongozi wa klabu alinuna. Msimamo wangu sasa ni huu: kama umelala chini ya masaa matano, usiamke kwenda kukimbia. Lala. Utakimbia jioni, au kesho. Walinzi, manesi na wengine wa zamu za usiku wana mtihani mgumu zaidi. Walinde usingizi wao wa mchana kwa pazia zito na watu wa nyumbani wenye kuelewa. Na kama mwenzako anakuambia unakoroma kisha pumzi inakatika unashtuka, hilo ni la daktari.

Kwenye chakula sikununua kopo lolote la unga wa kujenga mwili. Asubuhi nakula uji wa ulezi na mayai mawili ya kuchemsha, au viazi vitamu na mayai. Chai imehamia saa nne, peke yake, mbali na mlo. Kwa mama ntilie ni wali maharage ule ule, lakini naomba mboga za majani mara mbili na nakwenda na chungwa langu. Usiku tunakula kabla ya saa mbili na nusu.

Dagaa ndio niliowarudia kwa heshima. Nyumbani kwetu walihesabiwa chakula cha siku ambayo hela haipo. Kumbe unakula samaki mzima na mifupa yake: protini, chuma na kalisi kwa pamoja. Nawaosha kwa maji ya moto, nawakaanga kidogo, nawaunga na nyanya, kitunguu na karanga za kusaga, limao juu. Protini igawe kila mlo, kidogo kidogo. Wengi wetu tunasubiri nyama ya Jumapili, na wiki nzima misuli inaomba vifaa vya ujenzi ambavyo havipo.

Ugali usiuogope. Kila siku naona watu wanauacha kabisa halafu wanashangaa kwa nini hawafiki kilomita tano. Watafiti waliopima mlo wa wakimbiaji hodari wa Kikalenjini wa Kenya, katika kazi iliyochapishwa mwaka 2004, walikuta kama robo tatu ya nishati yao inatokana na wanga: ugali, wali, mkate, viazi, na sukari ya chai yao ya maziwa. Hao wanakimbia mbali sana kuliko sisi, kwa hiyo usijipakulie kama wao. Lakini siku ya kukimbia kula wanga wako, ndizi mbivu kabla, na ukirudi mtindi au maharage. Siku ya kukaa dukani punguza sinia, ongeza mboga.

Baada ya miezi minne damu ilisoma 12.7. Sikuwahi kuona jambo likinibadilisha hivyo: ngazi za kituo cha mwendokasi nikawa nazipanda huku naongea na simu.

Nikajiandikisha tena Moshi. Usiku wa kuamkia mbio nililala kwa shangazi, akanipikia machalari, zile ndizi za kupikwa na nyama, na kwa furaha na wasiwasi sikupata usingizi zaidi ya masaa manne. Safari hii sikuogopa, maana wiki nzima kabla yake nilikuwa nimelala manane, na usiku mmoja mbaya hauangushi akiba ya namna hiyo. Mlima wa Mweka niliupanda polepole, bila kutembea hata hatua moja, na wakati wa kushuka nikafungua miguu. Masaa mawili na dakika 34. Shangazi alikuwa ananisubiri nje ya uwanja na hotpoti ya machalari yaliyobaki jana, kipande cha parachichi, na chupa ya chai aliyoiamkia alfajiri. Nikamshika mkono, nikakaa chini kwenye majani, nikala kwanza. Chai tulikunywa nyumbani, saa moja baadaye.