Zima sauti ya video, fundisha mwenyewe

Juzi mdogo wangu mmoja, mwalimu mpya huko Korogwe, kaniandikia: "Madam, shule yetu imepata projekta na mkuu kanikabidhi mimi. Nianzie wapi?" Nilicheka, kisha nikanyamaza. Swali lake lilinirudisha kwenye aibu yangu.

Nafundisha Baiolojia hapa Tanga mjini. Tulipopata projekta kwa mara ya kwanza nilijiona nimefika. Nikashusha video ya mzunguko wa damu kwa bando la usiku, nikaitia kwenye flashi. Siku ya kipindi kidato cha pili wamejaa hadi mlangoni, na wathibiti ubora, yaani wakaguzi wa shule, wamefika siku hiyo. Madirisha hayana pazia, na jua letu la saa tano mnalijua: moyo ukutani ulionekana kama doa la chai. Nikatuma wasichana kwa mama ntilie wa nje ya geti, wakarudi na kanga tatu. Moja iliandikwa "Kelele za chura hazimzuii ng'ombe kunywa maji", na darasa zima likaisoma kwa sauti. Tukatundika. Giza likaingia, moyo ukaanza kudunda, valvu zinafunga na kufunguka, watoto wanashangilia. Dakika nne hivi, umeme ukakatika.

Andalio langu lote lilikuwa kwenye ile flashi. Hata chaki sikubeba. Ofisini mwenzangu mmoja akanibatiza "Madam Sinema", na mpaka leo ananiita hivyo. Huwa nacheka naye, lakini moyoni sicheki.

Kilichoniuma zaidi si umeme. Kipindi kilichofuata niliuliza: damu ikitoka ventrikali ya kulia, chumba cha chini cha moyo, inakwenda wapi? Kimya. Msimulizi wa video alikuwa Mmarekani anayeongea kama anakimbizwa, na watoto wetu wengi wamesoma kwa Kiswahili mpaka darasa la saba. Walitazama moyo ukipiga, ila safari ya damu kwenda kwenye mapafu iliwapita.

Tangu hapo naanza na ubao: chaki nyekundu, chaki ya bluu, mishale. Video inakuja mwishoni, tena sauti nimezima, nasimulia mimi. Kila damu inapovuka chumba nasimamisha, nauliza: sasa inaelekea wapi? Wakikosea tunarudi ubaoni. Umeme ukikatika, somo limeshafundishwa. Matokeo yangu sitayataja, muulizeni mwalimu wa taaluma.

Kama projekta hamna, vishikwambi vya sensa ya 2022 tulivyogawiwa walimu vinatosha. Kaa na kundi la watoto sita sita. Vitabu vya bure vimo kwenye maktaba mtandao ya Taasisi ya Elimu Tanzania, vishushe ukiwa mjini. Kolibri nayo, programu ya bure ya kujifunzia, ukishaipakia masomo haihitaji intaneti. Lakini fundisha kwanza, jamani! Kuna walimu wanawasha video halafu wanakwenda ofisini kuperuzi simu. Huyo hafundishi, anaonyesha sinema, na jina langu nampa bure.

Haya, mdogo wangu: kabla ya yote pima madirisha yako, umwombe mkuu pazia jeusi zito. Mimi kanga mbili nilirudisha jioni ile ile. Ile ya chura ilichanika kwenye msumari, na mama ntilie kila nikipita kuchukua chapati ananiuliza, "Mwalimu, kanga yangu?"