Kabla hamjafufua ulimwengu wa mchezo wenu

Vikundi vya Kigoma vinavyocheza Dungeons & Dragons, mchezo wa mezani wa kuigiza wahusika kwa masimulizi na dadu, huuliza kwa nini Ravenloft, mojawapo ya dunia za kubuni za mchezo huo, ilirudi sokoni na nyingine, Dark Sun, ikaachwa. Wengi hudhani mchapishaji husikiliza kelele za mashabiki. Si hivyo. Mashabiki wa zamani ni wachache kuliko wanavyosikika, na vitabu vya zamani wanavyo tayari. Anayelengwa ni mwendesha mchezo mpya, yaani msimulizi anayewaongoza wachezaji, ambaye jina la dunia hiyo halijui na anataka kucheza Jumamosi hii.

Kipimo cha kwanza cha dunia ya kufufuliwa ni kuelezeka kwa sentensi moja. Spelljammer ni merikebu zinazosafiri kati ya nyota. Ravenloft ni nchi za ukungu, kila moja ikiwa gereza la bwana wake mwovu. Greyhawk na Forgotten Realms, kwa mtu mgeni, zote ni falme, misitu na mazimwi, kwa hiyo zikiuzwa pamoja moja inamnyang'anya mwenzake wateja. Hilo ni moja ya mambo yaliyoiumiza TSR, mchapishaji wa kwanza wa mchezo huu, miaka ya 1990: dunia nyingi kwa wakati mmoja, mnunuzi wa hii hagusi ile, na kila kitabu kina gharama yake ya kuchapa. Mwaka 1997 kampuni ikanunuliwa na Wizards of the Coast, mchapishaji wa sasa.

Dark Sun inafaulu kipimo hicho vizuri sana: jangwa, chuma adimu, uchawi unaokausha mimea. Inakwama kwingine. Inahitaji kanuni nzima za nguvu za akili, na utumwa umeshonwa ndani ya miji yake, hivyo mhariri hawezi kuutoa bila kuisuka dunia upya. Toleo la tano la mchezo, la 2014, lilifikia mwisho wake bila Dark Sun kupewa kitabu. Anayedhani mchapishaji anaogopa bila sababu atazame Spelljammer ya 2022: maelezo ya jamii moja ya viumbe, wahadozee, yalihusisha utumwa kwa namna iliyowaudhi wasomaji, na Septemba mwaka huohuo mchapishaji akaomba radhi na kuyaondoa. Maandishi ya zamani yasomwe neno kwa neno kabla ya kwenda kwa mpiga chapa, na asome mtu ambaye hakuyaandika.

Wachapishaji wakishachagua dunia, mara nyingi hawaanzi na kitabu cha dunia nzima. Ravenloft ilirudi 2016 kwa kisa kimoja, Curse of Strahd; mwongozo wa nchi zake zote ukaja 2021. Kwa maoni yetu huu ndio utaratibu unaofaa zaidi kuigwa, hasa na wenye mtaji mdogo.

Basi kama kikundi chenu kina dunia mliyoicheza zamani, tuseme bandari za ziwa lenye kina kisichopimika na wavuvi wa usiku wanaovua kitu kisicho dagaa, wekeni ramani kubwa kando. Andikeni kisa kimoja cha kurasa 32 kinachochezwa kwa saa nne. Mpeni mwendesha mchezo ambaye si wa kikundi chenu akiendeshe, nanyi mkae kimya. Kila anapowageukia kuuliza, ukurasa huo una pengo.

Leseni iamuliwe kabla ya kuandika. Kisa kilichowekwa Forgotten Realms mnaweza kukiuza kupitia DMs Guild tu, duka la mtandaoni ambako mwandishi hupata asilimia 50, na hamruhusiwi kukichapa steshenari ya Mwanga mkakiuza wenyewe. Dunia yenu wenyewe juu ya SRD 5.1, hati ya kanuni za msingi za mchezo iliyowekwa chini ya leseni huria ya Creative Commons Januari 2023, mnauza popote, ilimradi mtaje chanzo kwa maneno yaliyoelekezwa humo.

Kuhusu kuchapa: karatasi moja ya A4 ikikunjwa hutoa kurasa nne za A5, hivyo kurasa 32 ni karatasi nane, na idadi ya kurasa lazima igawanyike kwa nne. Kijitabu cha pini za katikati kikizidi kurasa 64 hivi huvimba mgongoni, na karatasi za ndani hutokeza nje. Zikikatwa ziwe sawa, maandishi ya pembeni huliwa. Acheni milimita 15 ukingo wa nje, na majedwali ya dadu yawekwe kurasa mbili za katikati, ambako kijitabu hulala wazi mezani bila kushikiliwa.